Ikungi, mita 74 chini: shajara ya safari ya kisima

Sisi wazaliwa wa kijiji kimoja wilayani Ikungi, mkoani Singida, tuliotawanyika Dar, Mwanza na Arusha, tuna kikundi cha WhatsApp kilichoanza kwa kuchangiana misiba. Mwaka jana mmoja wetu akauliza kwa nini mfuko wetu unafunguka mtu akifa tu. Hapo ndipo likaanza suala la kisima. Tulichanga hadi tukafikisha milioni 31, sevei ya maji ardhini ikafanyika Julai, na kibali cha kuchimba kikatoka Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo ofisi zake ziko Singida mjini. Septemba mimi ndiye niliyekuwa na likizo, kwa hiyo nikatumwa kwenda kusimamia. Haya nimeyakusanya nikiwa nimesharudi nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Jina la kijiji naliacha, maana mambo ya ardhi bado mabichi.

Jumamosi: Dar, Dodoma, Ikungi

Treni ya SGR ya asubuhi, daraja la kawaida, shilingi 31,000 hadi Dodoma. Sina la kusimulia zaidi ya kwamba nililala tangu Pugu nikaamkia Morogoro. Dodoma nikachukua bajaji hadi stendi kuu ya Nanenane, na hapo basi la Singida likanikalisha saa nzima na nusu likisubiri abiria. Nauli hadi Ikungi 14,000. Ukiwa na haraka usikubali kuambiwa "tunaondoka sasa hivi". Chungulia kwanza ndani uhesabu viti vitupu.

Baada ya Bahi, pale wanapouza mchele kando ya barabara, gari linaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Huko juu nchi inabadilika: miti mifupi, udongo mwekundu, halafu mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Nilipokuwa mdogo niliyapenda mawe hayo. Safari hii niliyaangalia kwa wasiwasi, maana nilikuwa nimesoma ripoti ya sevei. Singida imekaa juu ya mwamba wa kale wa granaiti. Granaiti nzima haina maji. Maji yanakaa katika tabaka la juu lililooza, au katika nyufa, na ufa unaweza kuukosa kwa hatua chache tu.

Nililala gesti Ikungi, 15,000, maji ya kuoga ndoo moja. Kuku wa kienyeji nusu na ugali 9,000. Kuku wa Singida sifa zake anastahili, ila mwambie mama aanze kupika kabla hujaenda kuoga, maana haivi upesi.

Jumapili: kijijini

Bodaboda 15,000, kama saa moja na robo za vumbi. Kabla ya kufika tulivuka korongo, nikamwomba dereva asimame. Katikati ya mchanga mkavu kulikuwa na mashimo, mengine yamemzidi mtu urefu. Ndani ya kila shimo mwanamke mmoja anachota kwa bakuli na kumpitishia mwenzake dumu. Pembeni punda wamesimama foleni, na hatua chache kutoka hapo ng'ombe walikuwa wananyweshwa. Dumu moja nililoliangalia likijazwa lilichukua karibu dakika 20. Dada niliyemsalimia aliniambia ameamka saa tisa usiku, na kwamba mwezi wa kumi shimo litakuwa refu zaidi.

Nilifikia kwa shangazi. Nilipompa shikamoo, kabla hajauliza habari za mjini, akasema: "Marahaba mwanangu. Maji ya kuoga yapo, ila ogea kwenye karai, usiyamwage. Yana kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kuwanywesha mbuzi.

Jioni ugali wa uwele na mlenda. Baadaye nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuona daftari la wakazi: watu 2,100 na kidogo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inasema kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Nikapiga hesabu kwenye simu: lita 52,500 kila siku. Nikaituma namba hiyo kwenye kikundi. Wengi wakajibu kwa vidole gumba, na mmoja akauliza mabomba ya majumbani yataanza lini.

Nyuma ya ofisi ya kijiji bado kimesimama kinu cha upepo cha kuvutia maji, kimebaki mifupa tu. Mzee aliyekuwa anaota jua la jioni hapo alinieleza kwamba kilifanya kazi alipokuwa kijana, enzi Serikali ilipotangaza kuwa ifikapo 1991 kila mwananchi angekuwa na maji karibu na nyumbani. Mpango huo ulianza 1971. Kinu kilikufa, alisema, kwa sababu ya kifaa kimoja cha ngozi ambacho hakuna aliyejua kinanunuliwa wapi wala kwa fedha ya nani.

Jumatatu: kusubiri

Mtambo haukuja. Simu ya mkandarasi ilikuwa haipatikani hadi saa kumi jioni.

Jumanne: korongoni

Mtambo umekuja, na umekwama. Lori lenye mnara wa kuchimbia lilivuka vizuri. La pili, lililobeba kompresa, lilizama kwenye mchanga wa korongo hadi ekseli. Vijana walichimba, wakatandika matawi, wakasukuma, gari likazidi kukaa. Saa nane mchana akatokea baba mmoja na trekta. Alikuwa anaelekea shambani kwake kijiji cha pili, akageuza bila kuitwa. Mnyororo wa kwanza ulikatika. Wa pili ukashika. Nilipomfuata na noti za mafuta alizikunja akanirudishia mkononi: "Mke wangu anachota humu humu. Nitadai nini?"

Kwa watakaofuata: mkandarasi aje mwenyewe kuikagua njia kabla ya kupanga siku, na mkataba useme nani analipa mtambo ukikaa bila kazi. Wetu ulisema. Ulisema pia jambo ambalo baadhi yetu walilipinga wakati wa kusaini: shilingi 150,000 kwa mita kisima kikitoa maji, na 100,000 kwa mita kikiwa kikavu. Mkandarasi anayekuambia "kikavu hulipi kitu" ameshaiweka hiyo hasara kwenye bei ya mita, au ataacha kuchimba mapema akuachie matope akiyaita maji.

Jumatano: pointi namba moja

Ripoti ya sevei ilikuwa na pointi tatu za kuchimba, kwa mpangilio wa matumaini. Ya kwanza ilikuwa karibu na shule, na kila mtu aliitaka hiyo. Walianza saa mbili asubuhi. Namna inavyofanyika ni hivi: nyundo ya chuma inapiga chini ya shimo huku inazunguka, na hewa ya kompresa inapuliza unga wa mwamba hadi juu. Kila mita tatu wanaongeza fimbo nyingine ya chuma. Fundi msaidizi anakinga unga wa kila hatua kwa beleshi na kuupanga chini kwa mstari, kichuguu baada ya kichuguu, hivyo ukitembea kando ya mstari unaisoma ardhi kutoka juu kwenda chini.

Vichuguu vya kwanza vilikuwa vyekundu, vikafuata vya kahawia. Kuanzia mita 11 vikawa kijivu, na kijivu hicho hakikubadilika tena. Walimu walishindwa kuwaweka watoto darasani, wakawaacha waje. Vumbi jeupe lilitupaka wote hadi kope. Mita 40, 55, 70. Fundi mkuu, mtu wa maneno machache kutoka Shinyanga, aliokota kipande akakisugua kwa kidole, akasema, "Mzima huu. Hauna hata ufa wa sindano." Tulifika mita 90, kina cha mwisho kilichoandikwa kwenye ripoti, shimo likiwa kavu kiasi kwamba vumbi lilikuwa bado linaruka.

Milioni tisa. Nilipotuma ujumbe kwenye kikundi simu yangu haikupumzika hadi usiku wa manane. Wapo waliotaka tushuke hadi mita 150 hapo hapo. Wapo waliotaka aitwe mtu wa kijiti, yule anayetembea na tawi hadi lipinde. Fundi nilipomuuliza alisema kwenye mwamba wa namna hii kuongeza kina mara nyingi ni kuongeza deni, na kwamba nyufa zinapungua kadiri unavyoshuka. Mweka hazina akaamua: tunahamia pointi ya pili.

Alhamisi: pointi namba mbili

Pointi ya pili ilikuwa bondeni, mwendo wa kama dakika kumi kutoka shule, ndani ya shamba la mama mmoja mjane. Alikuwa ameshasaini tangu Julai, mbele ya mtendaji na mashahidi, kutoa eneo la kisima na njia. Wenye pointi zote tatu walikuwa wamesaini. Narudia hili kwa yeyote anayepanga kazi kama yetu: karatasi ya ardhi ya kila pointi iwe tayari kabla ya sevei kukauka wino. Maji yakishatoka, shamba linapanda bei na ndugu wanaongezeka.

Ila karatasi haikusema lolote juu ya mihogo yake, na mtambo ulitakiwa kuipita. "Kisima ni chetu sote," mama alisema, "lakini mihogo ni yangu peke yangu." Tukaihesabu mashina pamoja, nikalipa 200,000, akaleta panga tukaing'oa sote, na mchana tukaila imechemshwa kwa chumvi.

Hapa tabaka la juu lilikuwa nene. Udongo na mwamba laini uliooza ulishuka hadi mita 27, ikabidi waweke bomba la muda lisibomoke. Mita 45 unga ukaanza kutoka na unyevu. Fundi hakuinua hata kichwa. Mita 58 vumbi lilikata ghafla, kompresa ikabadilisha sauti, na shimo likatema tope zito la kahawia juu ya kila aliyekuwa karibu, mimi nikiwemo. Vigelegele vilitoka hadi kwa watu waliokuwa mbali wasioona kitu. Mita 66 ukapatikana ufa mwingine. Wakasimama mita 74.

Wakati watu wanacheza kwenye matope, fundi alikuwa ameshachimba mfereji mdogo na kuweka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wake. Sekunde 18. Maana yake karibu lita 4,000 kwa saa. "Hii ni ya kusukumwa na hewa ya kompresa," alinionya, "msiandike popote. Subirini pampu." Nilikuwa nimeshaandika kwenye kikundi.

Ijumaa: kesingi na changarawe

Siku isiyo na picha nzuri, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama kisima kitaishi. Mabomba ya plastiki ya inchi sita, ndiyo kesingi, yanashushwa. Yale yenye matundu membamba yanakaa pale maji yanapoingilia tu, mengine ni mazima. Kisha changarawe ndogo za duara zinamwagwa taratibu kati ya bomba na ukuta wa shimo, ili zichuje mchanga. Juu kabisa zege, maji machafu ya mvua yasitiririke kuingia. Nilikaa nahesabu mifuko ya changarawe na mabomba, mkandarasi akaniuliza kama mimi ni mhasibu. Nikamwambia ndiyo, na ni kweli.

Mchana wakapuliza hewa kusafisha. Maji yalianza kama chai ya maziwa, kufika jioni glasi ilikuwa inaonyesha upande wa pili. Watu walitaka kunywa hapo hapo. Mtendaji alisimama akakataza, akabaki amesimama.

Jumamosi: mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe wa ofisi, saa tano zilizotangazwa kama saa tatu. Ajenda ilikuwa moja: ndoo shilingi ngapi. Kijana mmoja alipendekeza 50. Yule mzee wa kinu cha upepo akasimama akasema maji yalikuwa bure, anakumbuka, na Serikali ndiyo iliyosema bure. Mama mwenye shamba akamjibu kwa heshima zote: "Ni kweli baba, yalikuwa bure, na kinu chako kipo pale." Watu walicheka, na mzee naye akacheka. Wakakubaliana 30 kwa dumu, kaya za wazee wasiojiweza zisilipe, na majina yao yakasomwa hapo hapo hadharani.

Afisa wa RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, alikuja kwa pikipiki kutoka wilayani, akaeleza kwamba chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 mradi wa maji wa kijiji unaendeshwa na chombo cha watumia maji kilichosajiliwa, chenye akaunti na mahesabu yanayokaguliwa. Kwenye kikundi chetu baadhi walitaka mapato yapitie Dar kwa mweka hazina wetu "kwa usalama." Nilipinga na bado napinga. Mtu aliyeko Mbagala hawezi kusikia bomba linavuja Ikungi.

Jumapili hadi Jumatatu alfajiri: pampu

Pampu ya majaribio ilishushwa, jenereta ikawashwa saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia hapo saa 24 bila kuzima. Kijana wa mkandarasi anashusha waya wenye kipimo kinacholia kikigusa maji, anaandika kina. Mwanzoni kila dakika, baadaye kila nusu saa, kisha kila saa. Kabla ya kuanza maji yalikuwa mita 14 kutoka juu. Wakivuta lita 3,500 kwa saa yalishuka hadi mita 38, yakatulia hapo usiku kucha. Tulikesha na vijana wanne wa kijiji, chai ya tangawizi na mihogo iliyobaki. Usiku Septemba Singida una upepo mkali; beba sweta, usidanganywe na jua la mchana.

Ushauri wa mkandarasi: msivute zaidi ya lita 2,800 kwa saa. Kwa pampu ya sola, ukipata saa sita nzuri za jua, ni lita 16,800 kwa siku. Gawanya kwa 25: watu 672. Wanakijiji ni 2,100. Nililiandika hilo daftarini alfajiri hiyo na kulipigia mstari, kwa sababu nilijua kazi yangu ikishaisha huku, nyingine ya kulieleza kikundi itaanza.

Jumatatu: chupa mbili kwenda Singida

Sampuli zilichukuliwa kabla pampu haijazimwa. Chupa ya kupimia madini unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale. Ya vijidudu imetakaswa maabara, huisuuzi, hugusi mdomo wake, inakaa kwenye baridi na inatakiwa kufika ndani ya saa 24. Ndiyo maana tulipanga pampu imalizike Jumatatu alfajiri, maabara ikiwa wazi.

Barafu nilipewa Ikungi stendi na dada anayeuza juisi. Alivunja mfuko mzima, akakataa hela. Konda wa basi akauliza kama kwenye ndoo yangu kuna samaki. Nikamwambia ni maji. "Unapeleka maji Singida?" Nilipomweleza ya nini, aliitoa kwenye buti akaiweka kivulini miguuni pake, na safari nzima alikuwa anawakemea abiria wasiikanyage.

Kipimo nilichokiogopa zaidi ni floraidi. Haionekani, hainuki, na kuchemsha hakuitoi. Kunazidi kuikoleza maji yakipungua. Inachafua meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi inapinda mifupa. Mikoa ya ukanda huu inaijua. Zamani kiwango cha nchi kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Huko Ngurdoto, Arumeru, wanachuja kwa mkaa wa mifupa, lakini kwa kijiji kama chetu hiyo ni gharama na kazi ya kila siku. Kwa hiyo usinunue pampu kabla ya majibu.

Usiku wa Singida mjini, basi la alfajiri, Dodoma, treni, nyumbani. Dumu la mafuta ya alizeti na gunia dogo la vitunguu vilinigharimu zaidi kwa wapagazi kuliko nilivyovinunulia.

Baada ya kurudi

Majibu yamekuja: floraidi 1.2, chini ya kiwango. Chumvi kidogo, inavumilika. Vijidudu vimeonekana, jambo ambalo maabara wanasema hutokea kisima kikiwa kipya, vifaa na mikono vikiwa vimeingia humo. Kitatiwa klorini, kitavutwa, kitapimwa tena kabla mtu hajanywa. Kwa sasa kimefungwa kwa kifuniko cha chuma kilichochomelewa, na mtendaji ananitumia picha yake kila Jumatatu bila kuombwa.

Hesabu: shimo kavu milioni 9, la maji milioni 11.1, pampu ya majaribio 2.4, usafirishaji wa mtambo 1.5, mihogo laki mbili. Kwenye akaunti zimebaki milioni 6.8, na paneli, pampu, mnara, tangi la lita 10,000 na gati mbili, yaani vituo vya kuchotea maji, vinataka zaidi ya hapo. Kikundi kimegawanyika kati ya wanaotaka bomba lifike shuleni kwanza na wanaotaka gati ya pili iwe kitongoji cha ng'ambo ya korongo. Ile hesabu ya watu 672 nimeibandika juu kabisa ya kikundi, ambapo kila anayefungua anaiona. Watatu wamejitoa. Mwalimu mmoja wa Mwanza ameuliza pointi namba tatu ina mita ngapi.